Jibu la sifuri lililofungua milango ya seva bila ufunguo

MWEZI Juni mwaka 2012, wasimamizi wa kompyuta katika pembe mbalimbali za dunia walipata habari iliyowanyima usingizi. Baadhi ya seva zilizokuwa zikitumia programu za hifadhidata za MySQL na MariaDB zilibainika kuwa zinaweza kufunguliwa na mtu yeyote asiyejua neno la siri, ili mradi awe na jina la mtumiaji na subira ya kujaribu mara mia chache.

Habari hiyo ilitolewa na Sergei Golubchik, mtaalamu wa MariaDB aliyekuwa akishughulikia usalama wa programu hiyo. Alieleza kwamba katika mifumo iliyoathirika, takriban jaribio moja kati ya 256 lingekubaliwa hata kama neno la siri lililoandikwa lingekuwa upuuzi mtupu.

Majaribio 300 ya namna hiyo yangeweza kufanywa na kompyuta katika muda usiotimia sekunde moja. Jina la mtumiaji nalo halikuwa kitendawili, kwa kuwa karibu kila hifadhidata ya aina hiyo huwa na mtumiaji mkuu aitwaye root.

Jambo hilo si la mafundi peke yao. Programu ya WordPress, ambayo huendesha tovuti nyingi duniani, zikiwamo za Afrika Mashariki, huhifadhi taarifa zake katika MySQL au MariaDB. Anayeingia katika hifadhidata kama msimamizi mkuu anaweza kusoma, kubadili au kufuta kila kilichomo, yawe majina ya wateja, matokeo ya mitihani au hesabu za duka.

Pamoja na uzito huo, chanzo cha tatizo hakikuwa kirusi wala jasusi aliyejipenyeza miongoni mwa watengenezaji. Kilikuwa mstari mmoja wa programu. Mstari huo uliuliza swali sahihi, ukapewa jibu sahihi, kisha ukalikata jibu hilo kabla ya kulisoma.

Kulinganisha tarakimu kwa tarakimu

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kuifahamu kazi moja ndogo ambayo kompyuta huifanya mara nyingi mno kila siku, nayo ni kulinganisha vipande viwili vya kumbukumbu.

MySQL, kama zilivyo programu nyingine nyingi zinazobeba mzigo mkubwa, imeandikwa kwa lugha ya C na mwenzake C++. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kanuni zake rasmi za kwanza zilipitishwa mwaka 1989. Kiini cha mfumo wa Linux, ambacho ndicho msingi wa simu za Android, kimeandikwa kwa sehemu kubwa kwa lugha hiyo.

Lugha ya C huja pamoja na maktaba ya amri zilizokwisha kutayarishwa, ili mwandishi wa programu asilazimike kubuni upya kila kitu. Mojawapo ya amri hizo inaitwa memcmp, jina ambalo ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kulinganisha kumbukumbu.

Amri hiyo hupewa mambo matatu: mahali kinapoanzia kipande cha kwanza, mahali kinapoanzia kipande cha pili, na idadi ya baiti za kulinganishwa. Baiti ni chembe ya kumbukumbu inayoweza kubeba namba kuanzia 0 hadi 255.

Kazi yake inafanana na ya karani wa benki anayelinganisha namba ya akaunti iliyo kwenye fomu na ile iliyo kwenye daftari. Karani huanza kushoto, akatazama tarakimu ya kwanza ya hapa na ya kule, kisha ya pili, kisha ya tatu. Akifika mwisho bila kuona tofauti, namba ni zilezile. Akiona tofauti, hana haja ya kuendelea.

Tofauti ipo katika namna ya kutoa jibu. Karani angesema “ndiyo” au “hapana”. Amri ya memcmp hujibu kwa namba. Vipande vikiwa sawa, jibu ni sifuri. Visipokuwa sawa, hutazamwa baiti ya kwanza iliyotofautiana: kama ile ya kipande cha kwanza ni ndogo, jibu huwa namba hasi, kama ni kubwa, jibu huwa namba chanya.

Utaratibu huo una sababu yake. Amri hiyo hutumika pia katika kupanga orodha, na anayepanga orodha hatosheki kujua kwamba majina mawili yanatofautiana, bali hutaka kujua lipi litangulie.

Hata hivyo, kanuni za lugha ya C haziseme namba hiyo hasi au chanya iwe ngapi. Inaweza kuwa 1, inaweza kuwa 90, inaweza kuwa elfu kadhaa. Kinachoahidiwa ni alama ya mbele yake tu, yaani hasi au chanya, pamoja na ahadi kwamba sifuri itatolewa pale tu vipande vinapolingana.

Namba iliyokatwa

Katika MySQL, neno la siri halilinganishwi lenyewe. Wakati huo lilipitishwa kwanza katika hesabu maalumu iliyozaa alama ya baiti 20, na seva ililinganisha alama iliyokokotolewa kutokana na jibu la anayetaka kuingia na ile iliyohifadhiwa. Zikilingana, mlango hufunguliwa.

Sehemu ya programu iliyofanya kazi hiyo ilitumia memcmp, kisha ikalirudisha jibu lake kama lilivyo kwa sehemu nyingine iliyosubiri kuambiwa kama mgeni aruhusiwe. Sifuri ilimaanisha aruhusiwe, na namba nyingine yoyote ilimaanisha azuiwe.

Kosa lilikuwa katika chombo cha kubebea jibu. Katika kompyuta za kawaida, memcmp hujibu kwa namba inayokaa katika baiti nne, lakini sehemu hiyo ya MySQL ilirudisha jibu lake katika nafasi ya baiti moja tu. Namba inapolazimishwa kuingia katika nafasi finyu namna hiyo, baiti tatu za juu hutupwa na hubaki ile ya chini peke yake.

Msomaji anaweza kuifikiria mita ya gari yenye tarakimu tatu tu. Gari likitembea kilomita 1,000, mita husoma 000, kana kwamba gari halijawahi kuondoka kiwandani. Kwa baiti moja, namba inayorudisha mita kwenye sifuri ni 256, pamoja na 512, 768 na nyingine zote zinazogawanyika kwa 256 bila baki.

Kwa hiyo, memcmp ilipojibu kwa mfano 512, ikimaanisha kwamba alama hizo hazilingani kabisa, sehemu iliyokuwa ikisubiri ilipokea sifuri. Mgeni akafunguliwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba programu hiyo ilikuwa salama katika mazingira mengi. Namna ya kawaida ya kuitengeneza memcmp ni kutoa baiti moja kutoka nyingine na kurudisha tofauti yake. Tofauti hiyo haiwezi kuzidi 255 wala kupungua chini ya hasi 255, hivyo hata ikikatwa haiwezi kugeuka sifuri. Aliyeijaribu programu katika mashine ya namna hiyo hangeona dosari yoyote.

Katika baadhi ya mifumo ya Linux, hata hivyo, maktaba ya lugha ya C ilikuwa na memcmp iliyoandikwa upya ili itumie maagizo maalumu ya prosesa kwa ajili ya kuongeza kasi. Toleo hilo liliweza kurudisha namba kubwa zaidi. Halikuvunja kanuni yoyote, kwa kuwa kanuni hazikuwahi kuahidi namba ndogo. Kilichovunjika ni dhana ya aliyelitumia.

Ndiyo maana baadhi ya seva ziliathirika na nyingine zikanusurika, kutegemea namna programu ilivyotayarishwa. Vifurushi vilivyotolewa na watengenezaji wenyewe vilikuwa salama, ilhali baadhi ya vile vilivyotayarishwa na wasambazaji wa Linux, kwa mfano Ubuntu ya biti 64, vilikuwa na mlango wazi.

Mchezo wa bahati

Kila mtu anapojaribu kuingia MySQL, seva humpelekea kwanza namba za kubahatisha zinazochanganywa katika hesabu ya neno la siri. Kinga hiyo iliwekwa ili anayenasa mawasiliano ya leo asiweze kuyatumia tena kesho.

Katika seva zilizoathirika, kinga hiyo iligeuka msaada kwa mshambuliaji. Kwa kuwa namba hubadilika kila mara, kila jaribio lilikuwa kama kurusha dadu upya, hata kama neno la siri la uongo lilikuwa lilelile.

Kwa hesabu ya nafasi moja kati ya 256, mtu anayejaribu mara 300 ana uwezekano wa takriban asilimia 69 wa kuingia. Akijaribu mara 1,000, uwezekano hufikia asilimia 98. Kwa binadamu anayebonyeza vitufe, hiyo ni kazi ya siku nzima. Kwa kompyuta ni ya dakika chache, au pungufu ya hapo.

Marekebisho yalikuwa mafupi kuliko maelezo yake. Badala ya kulibeba jibu la memcmp kama lilivyo, programu iliagizwa kwanza kuliuliza kama ni sifuri au si sifuri, kisha kurudisha jibu la swali hilo. Matoleo yaliyorekebishwa ya MySQL na MariaDB yalitolewa mwaka huohuo wa 2012.

Nintendo: amri ya maandishi kwa kazi ya namba

Kisa cha MySQL si cha pekee. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa kifaa chake cha michezo cha Wii mwaka 2006, iliweka ulinzi wa saini ya kidijitali ili kifaa kikubali programu zilizoidhinishwa na kampuni tu. Kila programu ilipimwa kwa alama ya baiti 20, na alama hiyo ikalinganishwa na ile iliyo ndani ya saini.

Kwa kulinganisha huko, hata hivyo, haikutumika memcmp bali strncmp, ambayo ni amri ya kulinganisha maandishi. Katika lugha ya C, baiti yenye thamani ya sifuri ni ishara ya mwisho wa maandishi. Amri ya maandishi ikikuta sifuri pande zote mbili, husimama na kutangaza kwamba maneno yamelingana.

Alama ya saini si maandishi. Ni namba tupu, na sifuri ndani yake ni tarakimu kama nyingine. Wadadisi wa mifumo waligundua kwamba saini iliyojazwa sifuri tupu ilizaa alama inayoanza na sifuri. Kilichobaki kilikuwa kuibadilisha programu kidogo kidogo, katika sehemu zisizotumika, hadi alama yake nayo ianze na sifuri. Kwa wastani, hilo huhitaji majaribio 256.

Baada ya hapo, kifaa kililinganisha baiti moja, kikaziacha 19 zilizobaki, na kuikubali programu kana kwamba imetoka kwa Nintendo wenyewe. Kasoro hiyo ilijulikana hadharani mwaka 2008, na kampuni ikaiziba kwa kutoa matoleo mapya ya mfumo wa kifaa hicho.

Intel: kulinganisha baiti sifuri

Mei 2017, kampuni ya Intel ya Marekani ilitangaza dosari katika teknolojia yake ya kusimamia kompyuta za ofisi kwa mbali, ambayo humwezesha fundi kuiwasha, kuizima na kuitengeneza mashine akiwa mahali pengine. Safari hii kosa halikuwa katika jibu wala katika aina ya amri, bali katika lile jambo la tatu, idadi ya baiti.

Mfumo huo ulipaswa kulinganisha alama ya neno la siri kwa urefu wake kamili. Badala yake ulipima urefu wa kile alichokituma mgeni. Aliyetuma herufi tano alilinganishwa kwa herufi tano, na aliyetuma jibu tupu alilinganishwa kwa herufi sifuri.

Vipande viwili vinavyolinganishwa kwa urefu wa sifuri havina mahali pa kutofautiana, hivyo huhesabiwa kuwa sawa. Aliyeacha nafasi ya jibu wazi alipokewa kama msimamizi halali. Dosari hiyo ilikuwa imekaa ndani ya mashine kwa miaka kadhaa kabla ya watafiti wa kampuni ya Embedi kuibaini.

Muda nao hutoa siri

Hata pale ambapo jibu limesomwa vizuri na urefu ni sahihi, kuna jambo jingine linaloweza kumwaga siri, nalo ni saa.

Kama ilivyoelezwa kuhusu karani, memcmp inaweza kusimama mara inapoona tofauti. Kwa hiyo neno lililokosewa mwanzoni kabisa linaweza kukataliwa haraka kuliko lililokosewa mwishoni. Tofauti ni ndogo mno, lakini inaweza kupimwa kwa vyombo.

Mwaka 2007, wadadisi wa kifaa cha michezo cha Xbox 360 cha kampuni ya Microsoft walitumia mwanya huo. Kifaa hicho kilidai alama sahihi ya baiti 16 kabla ya kukubali toleo la mfumo wake. Kuibahatisha alama nzima kwa mkupuo mmoja ni muhali, kwa sababu idadi ya alama zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39.

Lakini baiti zilipolinganishwa moja baada ya nyingine, kila baiti iliyopatiwa ilikifanya kifaa kichelewe kidogo kutoa jibu la kukataa. Wadadisi walijaribu thamani za baiti ya kwanza hadi walipoona kuchelewa, wakahamia ya pili, na kuendelea hivyo hadi ya 16. Kazi iliyoonekana haiwezekani ikashuka hadi majaribio yasiyozidi 4,096.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa usalama hushauri kwamba memcmp isitumike kulinganisha siri. Mahali pake hutumiwa amri zinazosoma baiti zote hadi mwisho bila kujali tofauti imeonekana wapi. Mfumo wa OpenBSD una amri iitwayo timingsafe_bcmp, na maktaba ya OpenSSL inayo CRYPTO_memcmp, zote kwa kazi hiyo.

Baiti zisizo na maana

Yapo pia makosa yasiyofungua milango bali yanayopotosha hesabu. Kompyuta inapohifadhi taarifa za aina tofauti kwa pamoja, kwa mfano herufi moja na namba moja, mara nyingi huacha nafasi tupu katikati ili namba ikae mahali panapofikiwa kwa urahisi. Taarifa ya baiti tano hujikuta imechukua baiti nane.

Zile baiti tatu za ziada zinaweza kuwa na takataka yoyote iliyobaki katika kumbukumbu. Amri ya memcmp haijui ipi ni taarifa na ipi ni takataka, hivyo inaweza kusema kumbukumbu mbili za mteja mmoja zinatofautiana ilhali kila kilichoandikwa humo ni kilekile.

Vilevile, kompyuta nyingi za leo huhifadhi namba kwa kuanza na baiti yake ndogo. Kwa mpangilio huo, memcmp ikipewa namba 256 na namba 1, itasema 256 ni ndogo, kwa kuwa baiti yake ya kwanza ni sifuri. Amri hulinganisha baiti kwa mfuatano wake. Maana ya baiti hizo ni jukumu la aliyeiita.

Somo kwa wenye seva

Katika visa vya MySQL, Wii, Intel na Xbox 360, amri zenyewe zilitenda kama zilivyoahidi. Walioziita ndio waliodhani zimeahidi zaidi ya hapo: kwamba jibu litakuwa dogo, kwamba sifuri haitatokea katikati, kwamba mgeni hatatuma jibu tupu, au kwamba hakuna mwenye saa mlangoni.

Makosa ya namna hiyo hayaonekani kwa jaribio la kawaida, kwa sababu neno sahihi la siri hukubaliwa na neno baya, aghalabu, hukataliwa. Katika MySQL, msimamizi aliyejaribu mara kumi maneno ya uongo angeweza kuridhika kwamba mlango wake umefungwa.

Kwa asiyeandika programu, kinga iliyo mikononi mwake ni kusasisha mifumo yake kila marekebisho yanapotolewa, na kutoiacha hifadhidata ifikiwe moja kwa moja kutoka intaneti. Seva zilizokubali maombi kutoka kompyuta chache zilizoidhinishwa hazikuweza kuguswa na mtu wa mbali hata kabla ya marekebisho ya 2012 kutoka, kwani mgeni hakupewa nafasi ya kurusha dadu hata mara moja.